Penisilini ya India na Gharama ya Utando

Amoksisilini ishukayo Mombasa na Dar es Salaam aghalabu hutoka India. Walakini asili yake, yaani penisilini G inayozalishwa na kuvu kwa uchachu ndani ya matanki, India yenyewe imekuwa ikiinunua China kwa miaka mingi. Mwaka 2020 serikali ya India ilitenga rupia bilioni 69.4 ili malighafi za dawa zitengenezwe nyumbani, na afisa mmoja huitaja jumla hiyo kana kwamba fedha zimekwisha kuingia viwandani, ilhali ruzuku hiyo hulipwa baada ya mauzo, na kwa bidhaa za uchachu huanzia asilimia 20 ikateremka hadi 5.

Mfanyabiashara mmoja auzaye machujio ya utando ya viwandani ana manung'uniko yanayostahili kusikizwa kwa ukamilifu. Maji ya uchachu, asema, hutoka tankini yakiwa mazito kwa nyuzi za kuvu na protini, na protini ile isipoondolewa, basi yatiwapo asidi na kuchanganywa na kiyeyusho, tabaka mbili zilizotazamiwa kutengana hushikamana kama tui zito, na kila dakika ipitayo penisilini huharibika kwa ukali wa asidi. Utando huizuia protini ukaipitisha dawa, na faida yake haina shaka. Taabu ni kwamba utando huo huo huziba kwa mafuta yatiwayo kuzuia povu, ukahitaji kuoshwa kwa magadi makali mara kwa mara. Ule wa plastiki ni rahisi kununua lakini huchakaa mapema, na ule wa kauri hustahimili miaka ijapokuwa bei yake ya kwanza hutisha. Madhali bei ya penisilini hupangwa China, mwenye kiwanda huchagua wa plastiki, kisha humlaumu muuzaji.

Kuhusu majitaka maafisa husema hakuna tone litokalo. Walakini huko Patancheru, karibu na Hyderabad, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta siprofloksasini, antibiotiki nyingine, hadi miligramu 31 kwa lita katika maji yaliyokwisha kusafishwa; na hata pale unapotumika utando uzuiao dawa yenyewe, dawa hiyo haitoweki, bali hubaki nyuma katika maji machache, nayo sharti yakaushwe kwa gharama ambayo sijaisikia ikitajwa katika hesabu za ruzuku.

Bei ya penisilini ikipanda, yamkini kauri itaenea. Ikiteremka tena, nahofu matanki mapya yataacha kufanya kazi kabla ya tando zake kuchakaa.