Mmea Ufungapo Milango Yake

Mama alimaye maharagwe kwenye miteremko ya Masisi amekwisha kuliona jambo hili mara nyingi. Amepanda mwezi wa Septemba, mvua imeanza vema, kisha yakatika majuma mawili. Saa sita mchana majani yanalegea na kuning'inia, na mpita njia husema shamba limekufa. Kesho yake alfajiri majani yasimama tena.

Kila jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo mmea huvuta hewa ya kutengenezea chakula, na kwa hivyo hivyo maji yake hutoka kama mvuke. Udongo ukikauka, mizizi hupeleka habari juu, na mmea hutengeneza dawa iitwayo asidi ya absisiki, ambayo wataalamu wa Marekani na Uingereza waliigundua katika miaka ya 1960. Kila kitundu kina seli mbili mfano wa midomo. Dawa ikizifikia, seli hizo hutoa potasiamu na maji, hulegea, na mdomo hufumba.

Basi maji yameokoka, lakini njia ya chakula imefungwa pia. Wala jua halikuacha kuwaka! Nguvu za mwanga zikosazo kazi huzaa oksijeni kali iunguzayo jani kwa ndani. Mmea huizima kwa vitu viitwavyo antioksidanti: vitamini C, vitamini E, na rangi ile ile ya karoti. Tena ajabu, oksijeni hiyo ikiwa kidogo nayo ni mjumbe, huuambia mmea ujilinde. Ikizidi, huliua jani.

Mihogo ni hodari kuliko maharagwe. Hufunga vitundu mapema, huangusha majani ya chini, na hungoja mvua. Jamaa waliokimbia vita bila kuvuna maharagwe yao waweza kurudi Masisi au Walikale na kukuta mihogo ingali ardhini, kama haikuibwa.

Lakini yafaa tuwaonye akina mama. Wakati wa ukavu sumu ya sianidi huzidi katika mihogo, hasa ile michungu. Mwaka 1981, katika ukame wa Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Ugonjwa huo umeonekana hata Kivu ya Kusini. Mwili huishinda sumu kwa msaada wa protini, na maharagwe yakikosa ndipo mihogo mitupu huwa ya hatari.

Mihogo michungu na imenywe, ikae majini mpaka ilainike, kisha ianikwe juani. Katika joto la Walikale siku tatu au nne zaweza kutosha. Katika baridi ya Masisi hukawia zaidi. Basi usihesabu siku tu, bali uiminye kwa vidole, na iliyo ngumu uirudishe majini.