Maneno ya nyumbani yanavyomfuata mtoto hadi utu uzima

MTOTO wa darasa la nne anarejea nyumbani na ripoti ya shule mkononi. Ameshika nafasi ya tatu kati ya wanafunzi 60. Baba anaipokea, anaitazama kidogo, kisha anauliza: "Hao wawili waliokushinda wana vichwa viwili?"

Kwa baba huyo, swali hilo ni la kumtia mwanawe ari, na kufikia jioni atakuwa amelisahau. Lakini likirudiwa kila muhula, mtoto anaweza kujifunza jambo lisilokusudiwa: kwamba afanyalo halitoshi kamwe. Miaka 30 baadaye, anaweza kupandishwa cheo kazini na bado akaamini kuwa amekipata kwa bahati, na kwamba ipo siku atagundulika.

Wanasaikolojia huita mawazo ya aina hiyo imani hasi kuhusu nafsi. Ni hitimisho ambalo mtu hulifikia utotoni kuhusu yeye mwenyewe na watu wengine, kisha akaendelea kuliishi bila kulihoji.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, John Bowlby, aliyefariki dunia mwaka 1990, alieleza kuwa mtoto hujenga picha mbili kutokana na namna anavyotunzwa. Ya kwanza ni kama mlezi wake ni mtu wa kutegemewa. Ya pili ni kama yeye mwenyewe anastahili kupendwa. Picha hizo ndizo anazotoka nazo nyumbani kwenda shuleni, kazini na hata katika ndoa.

Pale penye kipigo, matusi au kutelekezwa, jeraha huwa kubwa zaidi. Mtoto hana pa kwenda, kwani chakula, malazi na usalama wake vimo mikononi mwa wazazi. Kukiri kwamba mzazi ndiye mwenye kosa humtisha kuliko kujitwika kosa hilo yeye mwenyewe. Kosa likiwa lake, basi anabaki na tumaini kwamba akijirekebisha atapendwa. Ndiyo maana wazazi wanapotengana, watoto wadogo mara nyingi hudhani kuwa wao ndio chanzo.

Uzito wa suala hili ulijitokeza kwa namna isiyotarajiwa katika jiji la San Diego, Marekani, katika miaka ya 1980. Daktari Vincent Felitti, aliyesimamia kliniki ya kupunguza unene, alishangaa kuona wagonjwa waliokuwa wakifanikiwa kupungua ndio walioacha matibabu. Alipowahoji, aligundua kuwa wengi walidhalilishwa kingono utotoni. Kwa baadhi yao, unene haukuwa tatizo bali kinga: waliamini kuwa kutazamwa na watu ni hatari.

Ugunduzi huo ulizaa utafiti mkubwa alioufanya na Daktari Robert Anda, uliohusisha watu zaidi ya 17,000. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalionyesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za madhila utotoni walikabiliwa zaidi na sonona, ulevi na majaribio ya kujiua.

Tanzania nayo haijasalimika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima.

Hata hivyo, aliyeumizwa utotoni hakuhukumiwa maisha. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika mazingira magumu zaidi, kiasi cha theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiamini na kujitegemea. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali kwa dhati. Mtu wa namna hiyo aweza kuwa bibi, mjomba au mwalimu.

Kwa watu wazima, daktari wa Marekani Aaron Beck aliasisi katika miaka ya 1960 tiba ya mazungumzo inayomsaidia mgonjwa kuzipima imani zake kwa ushahidi. Rafiki asipopokea simu, mwenye imani hasi husema upesi, "Amenichoka." Tiba hiyo humfundisha kusimama na kuuliza: ushahidi uko wapi? Je, hawezi kuwa kikaoni, au simu yake imeishiwa chaji?

Zoezi hilo huhitaji muda, na mwenye majeraha mazito hushauriwa kulifanya akiwa na mtaalamu. Lakini swali la kuanzia ni jepesi: nani aliniambia kuwa mimi ni hivi, nami nilikuwa na umri gani?

Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mzazi, kuna nafasi ya kurekebisha ulimi ulipoteleza. Anaweza kumwita mtoto, akamwambia, "Nilikosea kusema vile," kisha akaichukua tena ile ripoti na kuanza na neno lililopaswa kutangulia: hongera.