Shingo Iliyopinda: Upasuaji Unarudisha Nini?

Mtu mzima ambaye shingo yake imepinda hadi kidevu kinakaribia kifua hawezi kumtazama mwenzake usoni bila kukunja magoti, kurudisha kiuno nyuma na kukaza macho kuelekea juu. Kuvuka barabara ni hatari kwake. Kumeza tonge ni kazi. Ngozi iliyo chini ya kidevu haifikiki kwa maji wala wembe, na baadhi ya wagonjwa huchubuka hapo na kutoka vidonda kwa sababu ya jasho.

Shingo ina pingili 7, na juu yake kuna kichwa chenye uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5. Katika hali ya kawaida pingili hizo hujipanga kwa mpindo mdogo unaokiweka kichwa sawasawa juu ya mabega, hivyo misuli haichoki. Mpangilio huo ukivurugika, kichwa hutangulia mbele, na misuli ya kisogo hukizuia kutwa nzima kisianguke. Hapo ndipo maumivu huanza. Kwa baadhi ya wagonjwa ugwe mgongo, yaani ule mkusanyiko wa neva unaopita katikati ya pingili, nao hubanwa. Vidole hushindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko huharibika na miguu huanza kupepesuka.

Chanzo si kimoja. Wengi ni watu wa makamo na wazee ambao diski na viungo vya shingo vimechakaa. Wengine walifanyiwa upasuaji zamani wa kuondoa sehemu ya nyuma ya pingili, na baada ya miaka shingo ikakosa mhimili. Wapo walioumia ajalini, wapo wenye misuli dhaifu, na wapo wenye ugonjwa wa spondilitisi unaogandisha viungo vya uti wa mgongo hadi vikawa kama mfupa mmoja. Afrika Mashariki haiwezi kuisahau TB ya mifupa. Ingawa hushambulia zaidi pingili za kifuani na kiunoni, inaweza kuzila za shingo pia.

Kuinyosha shingo ya namna hii ni miongoni mwa kazi nzito kabisa katika upasuaji wa mifupa na neva. Mwaka 1958 daktari wa Marekani, Marshall Urist, alieleza jinsi alivyoukata mfupa wa shingo ya mgonjwa wa spondilitisi akiwa ameketi kitini, yu macho, amepigwa ganzi ya sehemu tu. Edward Simmons wa Toronto, Kanada, aliiendeleza mbinu hiyo katika miaka ya 1970. Mgonjwa hakuachwa macho kwa ukatili. Aliachwa hivyo ili daktari, akikiinua kichwa taratibu, aweze kumuuliza kama mikono na miguu bado inatii. Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, na mitambo hufuatilia mawimbi ya umeme kwenye neva muda wote. Daktari huondoa diski kwa mbele, hukata mfupa kwa nyuma au hufanya yote mawili, kisha hufunga skrubu na fito za chuma kuishikilia shingo hadi mifupa iungane.

Je, mgonjwa hutoka na nini?

Kwa muda mrefu jibu lilitegemea hospitali moja moja, kila moja ikisimulia wagonjwa wake wachache. Hali ilibadilika pale madaktari wa vituo kadhaa vya Marekani, chini ya kundi la utafiti liitwalo International Spine Study Group, walipoanza kuwaandikisha wagonjwa kabla ya upasuaji na kuwafuatilia kwa vipimo vinavyofanana. Kipimo kimojawapo kilitungwa na Howard Vernon na Silvano Mior na kuchapishwa mwaka 1991. Ni dodoso la vipengele 10 ambalo mgonjwa hulijaza mwenyewe: maumivu, kujihudumia, kunyanyua vitu, kusoma, kuumwa kichwa, kumakinika, kazi, kuendesha gari, usingizi na burudani. Alama zikipanda, ulemavu umezidi.

Majibu ya wagonjwa hao kabla ya kupasuliwa yanahuzunisha. Katika kipimo kingine cha ubora wa maisha, ambacho alama 1 ni afya kamili, wastani wao ulikuwa takriban 0.51. Hali hiyo inakaribiana na ya watu walioathirika zaidi miongoni mwa wenye uoni hafifu, figo zilizofeli au kiharusi. Anayedhani shingo kupinda ni suala la sura tu azingatie ulinganisho huo.

Matokeo ya mwaka mmoja yalichapishwa mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 77, waliopatikana na taarifa kamili walikuwa 55, wastani wa umri wao ukiwa kama miaka 62. Alama za ulemavu wa shingo zilishuka kutoka 50.5 hadi 38 kwa 100, na maumivu yakapungua kutoka 6.9 hadi 4.3 kwa 10. Kwa mizani ya watunzi wa dodoso, kundi hilo lilitoka kwenye ulemavu mkubwa likaingia kwenye ulemavu wa wastani. Ni nafuu ya kweli. Lakini ni nafuu, si kupona kabisa, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa. Tena, mgonjwa zaidi ya mmoja kati ya wanne hakuonekana kwenye hesabu ya mwisho, na hakuna ajuaye kwa hakika kama hao waliendelea vizuri au vibaya.

Gharama ya nafuu hiyo nayo ni kubwa. Taarifa ya kundi hilohilo ya mwaka 2016, iliyohusu wagonjwa 78, ilionyesha kuwa asilimia 43.6 walipata angalau tatizo moja katika kipindi cha mwanzo. Lililoongoza ni ugumu wa kumeza, asilimia 11.5. Yalifuata maambukizi ya ndani ya kidonda na udhaifu wa neva ya tano ya shingo, kila moja asilimia 6.4. Udhaifu huo wa neva si jambo dogo. Mgonjwa huamka na bega lisiloinuka, hawezi kuchana nywele wala kufikisha kikombe mdomoni, ingawa wengi hurejea baada ya miezi. Waliopasuliwa kwa mbele pekee walipata matatizo machache kuliko waliopasuliwa kwa nyuma. Kuna pia tatizo linalokuja baadaye: uti wa mgongo kupinda upya pale chini skrubu zinapoishia. Katika taarifa za kundi hilo, hilo limempata karibu mgonjwa 1 kati ya 4.

Takwimu nyingine inapaswa kumfanya kila daktari atulie. Katika wagonjwa 120 wa kundi hilo la utafiti waliofuatiliwa kwa wastani wa zaidi kidogo ya mwaka, 11 walifariki. Si wote waliouawa na upasuaji. Wapo waliopatwa na mshtuko wa moyo, wapo waliokufa kwa nimonia, na mmoja aligundulika baadaye kuwa na ugonjwa mwingine wa neva. Picha inayojitokeza ni ya watu waliofika chumba cha upasuaji wakiwa wamedhoofika tayari. Ndiyo maana uimara wa mwili mzima, yaani lishe, misuli, mapafu, sukari, presha na uvutaji sigara, unastahili kupimwa kwa umakini uleule unaopewa mpindo kwenye eksirei.

Na eksirei yenyewe isiabudiwe. Madaktari hupima umbali ambao kichwa kimetangulia mbele ya shingo, na ukizidi sentimita 4 huhesabiwa kuwa dosari. Hata hivyo, shingo iliyonyoshwa kupita kiasi ni adhabu nyingine. Mgonjwa ambaye shingo yake haigeuki tena, kisha kichwa kikainuliwa mno, haoni sahani yake, haoni ngazi anazoshuka, hawezi kukata mboga mezani. Daktari mzuri huuliza kwanza: kazi yako ni ipi, unatazama wapi zaidi kwa siku?

Tanzania ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayofanya upasuaji wa uti wa mgongo, na zipo hospitali za rufaa katika nchi jirani zenye wataalamu wa fani hiyo. Atakayeshauriwa kupasuliwa shingo aende na ndugu yake na aulize waziwazi: upasuaji utapita mbele au nyuma, skrubu zitaishia pingili ipi, nitameza vipi wiki za kwanza, na mwili wangu uko tayari au niimarishwe kwanza? Mwenye shingo inayoinama huku vidole vikipoteza wepesi au miguu ikipepesuka asisubiri wala asikubali kunyongwanyongwa shingo na wakandaji. Awahi hospitali, kwa sababu ugwe mgongo uliobanwa kwa muda mrefu mara nyingi haurudi ulivyokuwa, hata shingo ikinyoshwa.