Sudoku ngumu haitaki kubahatisha

MBALE. Taksi ya kwenda Jinja haiondoki mpaka ijae. Viti vya abiria ni 14, na aliyefika wa kwanza anaweza kusubiri kwa muda mrefu huku jua likipanda juu ya majabali ya Wanale. Wapo wanaosinzia, wapo wanaopiga simu, wapo wanaokagua tiketi zao za kubeti mechi za jioni. Na wapo wanaotoa kalamu au simu na kuanza kujaza visanduku 81 vya sudoku.

Fumbo rahisi huisha kabla taksi haijajaa. Fumbo gumu lina mambo yake. Unajaza tarakimu kumi, kumi na tano, kisha kila kitu kinasimama. Hakuna kisanduku kinachojionyesha. Hapo mchezaji ana njia mbili: abahatishe, au atafute sababu.

Wapenzi wa mchezo huu, popote walipo duniani, wana msimamo mmoja juu ya jambo hilo: fumbo lililotungwa vizuri halihitaji bahati. Kila tarakimu ina sababu yake, na sababu hiyo inaweza kuelezwa kwa mdomo mpaka mwenzako akubali. Shida ni kwamba magazeti huchapisha jibu la fumbo siku inayofuata, lakini sababu hazichapishwi. Anayekwama huona kilichotakiwa, asijue kwa nini kilitakiwa.

Kanuni ya sentensi moja

Sudoku ni jedwali lenye safu 9 za mlalo na safu 9 za wima, lililogawanywa katika miraba 9 yenye visanduku 9 kila mmoja. Kila mlalo, kila wima na kila mraba sharti uwe na tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia hata moja. Kanuni imeishia hapo.

Tarakimu hazijumlishwi wala hazizidishwi. Ungeweza kutumia herufi tisa au rangi tisa, na fumbo lingebaki lile lile. Ndiyo maana mtu aliyechukia hesabu shuleni anaweza kuwa hodari wa sudoku. Na ndiyo maana fumbo moja huvuka mpaka wa Malaba au Busia bila mkalimani. Katika jiji kama Mbale, ambako Kimasaba, Kiteso, Kigwere, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza husikika katika soko moja, hilo si jambo dogo.

Wengi huamini mchezo huu ulizaliwa Japani. Jina ni la Kijapani, lakini sura yake ya leo ilichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979, katika jarida la mafumbo la kampuni ya Dell. Anayetajwa kuwa mtunzi wake ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, iliyoongozwa na Maki Kaji, ililichukua fumbo hilo na kulipa jina refu lenye maana ya kwamba tarakimu lazima ziwe pekee, kama watu wasiooa. Jina lilifupishwa likawa sudoku. Kisha Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, alilikuta katika duka la vitabu Tokyo mwaka 1997. Alitumia miaka kadhaa kuandika programu ya kutunga mafumbo hayo, akalipelekea gazeti la The Times la London, ambalo lilianza kuyachapisha Novemba 2004. Baada ya hapo magazeti ya dunia nzima yalifuata.

Kutafuta sababu, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza kila mchezaji huijua hata kama hajawahi kuipa jina. Chukua miraba mitatu ya juu. Wa kushoto una 5 katika mlalo wa kwanza, na wa kati una 5 katika mlalo wa pili. Basi 5 ya mraba wa kulia haina pa kwenda ila mlalo wa tatu. Ikiwa visanduku viwili kati ya vitatu vya mlalo huo vimeshajazwa, kile kilichobaki ni cha 5. Hakuna aliyebahatisha.

Hatua ya pili ni ya jozi. Tuseme ndani ya mraba mmoja kuna visanduku viwili ambavyo vinaweza kupokea 3 au 8 tu. Hujui ipi iende wapi, lakini unajua jambo kubwa: 3 na 8 za mraba ule zimeshachukua vyumba vyao. Wageni wawili wamelipia vyumba viwili vya lojingi. Nani analala kipi ni siri yao, ila mgeni wa tatu asivitegemee. Futa 3 na 8 katika visanduku vingine vyote vya mraba huo.

Hatua ya tatu inataka jicho la mbali. Tazama tarakimu 7 peke yake. Katika mlalo wa 2, 7 inaweza kukaa wima wa 3 au wima wa 8 tu. Katika mlalo wa 6, vilevile: wima wa 3 au wa 8. Ikiwa mlalo wa 2 utaiweka wima wa 3, mlalo wa 6 utalazimika kuiweka wima wa 8, na kinyume chake. Kwa vyovyote vile, 7 za wima hizo mbili zitatoka katika milalo hiyo miwili. Kwa hiyo 7 nyingine zote ulizokuwa ukizidhania katika wima wa 3 na wa 8 zinafutika.

Hatua ya nne ndiyo inayowatenganisha wanaojaribu na waliozoea. Kisanduku cha kwanza kina 1 au 4. Cha pili, kilicho katika safu moja nacho, kina 1 au 9. Cha tatu, kilicho katika mraba mmoja na kile cha kwanza, kina 4 au 9. Sasa uliza: cha kwanza kikiwa 1, cha pili kitakuwa 9. Kikiwa 4, cha tatu kitakuwa 9. Hujui lipi ni kweli, lakini lazima moja liwe kweli, na katika yote mawili 9 ipo ama katika cha pili ama katika cha tatu. Basi kisanduku chochote kinachokutana na hivyo viwili hakiwezi kuwa 9.

Hapo mchezaji amepata ukweli kutoka katika jambo asilolijua. Mchezaji wa mweso, mwenye ubao wa mashimo 32 na kete 64, anaifahamu akili hiyo: kabla hajanyanyua kete, ameshahesabu itakapoangukia na mpinzani atajibu nini.

Mpaka kati ya sababu na bahati

Kuna mahali ambapo hata mabingwa hubishana. Mtu amekwama, anachagua kisanduku chenye 2 au 6, anaandika 6 kwa penseli hafifu na kuendelea. Baada ya hatua kumi na mbili, 4 mbili zinakutana katika safu moja. Anafuta yote na kuandika 2. Je, amebahatisha?

Upande mmoja husema hapana. Amethibitisha kwamba 6 haiwezekani, na wanahesabu wametumia njia hiyo kwa karne nyingi: chukulia jambo kuwa kweli, lifuate mpaka lijikanushe. Upande wa pili hujibu kwamba sababu usiyoweza kuishika kichwani na kumweleza mwenzako bila raba si sababu ya kujivunia. Wanataka mnyororo mfupi, kama ule wa 1, 4 na 9.

Lakini wote wanakubaliana juu ya jambo moja. Ikiwa ile 6 ya kubahatisha ingefika salama mpaka kisanduku cha mwisho, mchezaji angekuwa na jedwali lililojaa, lakini asingejua kama hilo ndilo jibu pekee.

Ubishi wa pili ni juu ya uaminifu. Fumbo halali lina jibu moja tu. Je, unaweza kuutumia ujuzi huo kama silaha? Fikiria visanduku vinne vilivyokaa katika milalo miwili, wima mbili na miraba miwili. Vitatu vina 2 au 5 tu, na cha nne kina 2, 5 au 8. Kama cha nne nacho kingekuwa 2 au 5, ungeweza kubadilishana 2 na 5 pembe zote nne na kupata majibu mawili. Fumbo halali haliruhusu hilo, kwa hiyo cha nne ni 8. Wapo wanaoiona njia hii kuwa nzuri kabisa. Wapo wanaoikataa, kwa kuwa inamtegemea mtunzi: kama alikosea na fumbo lake lina majibu mawili, hoja yote inaanguka.

Mtunzi hutunga chini ya masharti. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire wa University College Dublin, Ireland, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba fumbo lenye tarakimu 16 za kuanzia haliwezi kuwa na jibu moja pekee. Kiwango cha chini ni 17. Kulithibitisha hilo kulihitaji kompyuta kubwa ifanye kazi kwa muda mrefu sana, maana majedwali kamili yanayowezekana ni mengi mno: hesabu ya Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis ya mwaka 2005 ilitoa namba yenye tarakimu 22.

Hata hivyo uchache wa tarakimu si kipimo cha ugumu. Mafumbo mengi ya tarakimu 17 hufunguka kwa hatua za kawaida. Fumbo ambalo Arto Inkala wa Finland alilitunga mwaka 2006, lililopata sifa ya kuwa gumu kuliko yote ya wakati wake, lina tarakimu 23. Ugumu hutokana na urefu wa sababu unazopaswa kuziunganisha kabla ya kuandika tarakimu moja.

Mji wa kubeti, mji wa kusoma

Jambo hili lina uzito Mbale kama ilivyo katika miji mingine ya Uganda. Maduka ya kubeti yapo kila mahali, ingawa sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamzuia mtu aliye chini ya miaka 25 kubeti. Tiketi ya mechi na sudoku vyote ni karatasi yenye namba, na vyote hushikwa na kijana anayengojea. Tofauti ni kwamba tiketi ikishindwa hakuna anayeweza kumwonyesha mwenye nayo alipokosea. Sudoku ikiharibika, kosa lipo pale pale kwenye karatasi, na anayerudi nyuma hatua kwa hatua atalipata.

Mbale pia ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kipo hapa tangu 1988, na Chuo Kikuu cha Busitema kina kitivo chake cha afya mjini humu. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unataka mwanafunzi aeleze alivyofikia jibu badala ya kukariri. Zoezi la bei ya penseli moja, lisilohitaji umeme wala bando, linafundisha jambo hilo hilo.

Kinachopungua ni maneno. Mbinu za sudoku zimepewa majina kwa Kiingereza, na anayetaka kumweleza mwenzake kwa Kiswahili hulazimika kunyoosha kidole. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Lugha inayofundishwa kwa barua na mashairi inaweza pia kufundishwa kwa hoja: *ikiwa*, *basi*, *kwa vyovyote vile*, *haiwezekani kwa sababu*. Maneno hayo yote tunayo. Jozi tunayo, mnyororo tunao, mlalo na wima tunavyo.

Gazeti linalochapisha sudoku kwa wasomaji wa Mbale, Bungoma na Mwanza linaweza kuongeza mistari mitano chini ya jibu la jana: mahali wengi walipokwama, na sababu iliyofungua njia. Mwalimu anaweza kufanya hivyo ubaoni kwa dakika kumi, mwanafunzi mmoja akiweka tarakimu na darasa zima likimuuliza kwa nini, na asiyeweza kujibu aifute.