Kwa Nini Jagi la Umeme Linachelewa Jioni

Wanangu, jioni ikiingia hapa Kiseke, Mwanza, kila nyumba ikiwasha jiko, pasi na televisheni kwa pamoja, waliopo mwisho wa laini utawasikia: "Leo umeme mdogo." Balbu zinafifia, na chai inachelewa. Umeme haujakatika. Sasa kilichopungua ni nini?

Hapo kuna vitu viwili. Volteji ndiyo msukumo; mkondo ni umeme wenyewe unaopita kwenye waya. Chukueni tenki la maji lililowekwa juu ya mawe ya mlima wetu. Tenki likiinuliwa zaidi, maji hutoka kwa nguvu zaidi huku chini. Bomba likiwa jembamba, yanapungua. Wembamba huo, kwenye umeme, ndio ukinzani.

Aliyepima mambo haya vizuri ni Georg Ohm, mtoto wa fundi makufuli, mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani. Betri za wakati wake zilimsumbua, kwani msukumo wake haukutulia. Akaunganisha shaba na metali iitwayo bismuti, kiungio kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Tofauti ile ya joto ikazaa msukumo mdogo sana, lakini uliotulia. Basi akawa anabadilisha waya, mfupi kwa mrefu, huku akipima mkondo kwa kutazama sindano ya sumaku inageuka kiasi gani. Uvumilivu ule naupenda mno! Mwaka 1827 akatoa kitabu: msukumo ukizidi mara mbili, mkondo nao unazidi mara mbili, ukinzani ukizidi mara mbili, mkondo unabaki nusu. Wenzake wengi walimbeza. Medali kutoka London aliipata mwaka 1841.

Turudi jikoni. Umeme wa majumbani ni volti 230. Jagi lenye ukinzani wa omu 23 (kipimo hicho kimebeba jina la Ohm) hupitisha ampea 10, yaani 230 gawanya kwa 23. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati 2,300. Jioni volti zikishuka hadi 180, ampea zinakuwa 7.8 hivi, na wati zinabaki kama 1,400. Volti zimepungua kidogo tu, joto limepungua sana, kwa sababu msukumo ulipopungua mkondo nao uliufuata.

Na volti zilizopotea zimekwenda wapi? Waya za mtaani nazo zina ukinzani. Majirani wote wakivuta mkondo kwa wakati mmoja, sehemu ya msukumo huishia njiani, na nyumba iliyo mbali na transfoma ndiyo huumia zaidi. Ndiyo maana laini kubwa inayotoka Shinyanga kuja Mwanza ina volti 220,000: msukumo ukiwa mkubwa, mkondo mdogo unatosha kubeba nguvu ile ile, na kinachopotea njiani ni kidogo. Transfoma huzishusha volti hizo kwa hatua, ya mwisho ikiwa ile iliyopo kwenye nguzo za mtaani kwenu.