Fahamu: Kwa nini PS5 haijaing'oa PS4 vibandani Mbeya na Iringa

PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2025 Sony ikaipandisha bei Marekani hadi dola 549, wakati tumezoea mashine kushuka bei kadiri inavyozeeka. Ikifika Mwanjelwa jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, imeshabeba VAT ya asilimia 18, usafiri na faida ya wauzaji wa Kariakoo.

Lakini bei peke yake haielezi yote. Mteja anayehesabika huku ni mwenye kibanda cha gemu, anayelipwa kwa mechi. Vijana wanataka mpira, na EA Sports FC 25 ilitolewa hata kwa PS4, mashine ya 2013. Sasa mwenye kibanda akinunua PS5 atoze zaidi kwa lipi? PS4 ya mtumba inamtosha, na padi ikiharibika fundi yupo.