Mzee Ojwang na "Sida" Zake

Ijumaa iliyopita, kwenye meza ya Kiswahili, tulitazama Vitimbi, kipindi cha zamani cha televisheni ya Kenya. Mwanachama mmoja wa mwaka wa kwanza alisikiliza dakika mbili tatu, kisha akauliza, "Mbona mzee huyu anasema 'sida'? Mwalimu alitufundisha 'shida'." Sisi tuliokulia Kenya tulicheka hadi machozi, lakini swali lilikuwa zuri.

Mzee mwenyewe ni Ojwang Hatari. Dholuo, lugha ya Waluo, haina sauti za "sh", "z" wala "v". Mtu aliyeanza na lugha hiyo huweza kusema "samba" akimaanisha shamba, na "fitu" akimaanisha vitu. Kwa miaka mingi Ojwang alizungumza hivyo, na watazamaji wengi waliapa kwamba kwao ni Nyanza. Kumbe jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu! Lafudhi ile aliivaa kazini kama alivyovaa kofia yake.

Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na televisheni moja tu, ya serikali: Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ikawa KBC. Mama yangu anasema mtaani kwao seti ilikuwa moja, na watoto walijazana dirishani kwa jirani kumwona Ojwang akigombana na mkewe, Mama Kayai. Naye Mama Kayai ni mwigizaji Mary Khavere. Mama aliamini kabisa kwamba hao ni mume na mke, na alipoambiwa sivyo alikasirika kana kwamba amesikia habari za talaka.

Mhadhiri wetu mmoja hakufurahishwa na kicheko chetu. Alisema vipindi vya aina hii huwazoesha watu kumcheka anayezungumza Kiswahili kama lugha yake ya pili au ya tatu, yaani wengi wetu humu chamani. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba wahusika wa Vitimbi walibebeshwa makabila yao mgongoni. Lakini katika vipande tulivyotazama, hakuna mhusika anayemcheka Ojwang kwa matamshi yake. Kinachochekesha ni majigambo, na jinsi Mama Kayai anavyoyapasua. Tena, katika nchi ambayo zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na kabila la mtu likawa hatari kwake, si jambo dogo kwamba Mkikuyu alipendwa na taifa zima akiwa Mluo.

Umaarufu huo haukumtajirisha. Miaka ya mwisho macho yalimsumbua sana, ikabidi Wakenya wachange fedha ili atibiwe. Walichanga kweli, lakini mimi bado naona aibu kwamba ilibidi.

Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015. Mama alinipigia simu jioni ile. "Ojwang ametuacha," alisema, na jina la Wanjau hakulitaja hata mara moja.

Ijumaa ijayo tutatazama Vitimbi tena, na muda ukituruhusu, Vioja Mahakamani. Mhadhiri ameahidi kuja kuendeleza ubishi. Chai ipo, atakayeweza alete mandazi.